Bima Aliyonunuliwa Mzee Ellis

Ellis Bairstow hakuwahi kumwita fundi nyumbani kwake mpaka alipopita miaka themanini, na siku alipomwita ndiyo siku aliyoanza kujiona mzee.

Maisha yake ya kazi aliyamaliza chini ya mabasi, kwenye gereji moja ya Keighley, mgongo kwenye saruji na oili ikimdondokea usoni. Jioni alipanda mlima hadi kwenye nyumba yake ya mawe, iliyobanwa katikati ya nyumba nyingine za mawe, akavua ovaroli na kuanza zamu ya pili: bomba linalovuja, swichi iliyoungua, dirisha linalokataa kufunga. Mkewe, Audrey, alikuwa akiwaambia majirani kwamba hajawahi kumwona mumewe ametulia isipokuwa kanisani, na hata kanisani macho yake yalikuwa kwenye bawaba za mlango.

Kisha Audrey akafariki, na mikono ya Ellis ikaanza kutetemeka. Mwanzoni ilikuwa kikombe cha chai tu. Baadaye ikawa bisibisi. Siku moja jirani alimkuta amelala chini ya ngazi, nyonga imeteguka, balbu bado iko mkononi bila hata ufa, naye anaisifu balbu badala ya kulia na nyonga.

Hapo ndipo binti yake, Lorna, alipoamua kuingilia. Lorna alikuwa mpishi wa shule ya msingi huko Hull, karibu saa mbili kwa gari, na baada ya ile ngazi hakupata usingizi wa maana. Alimnunulia baba yake bima ya matengenezo ya nyumba. Kila mwezi kampuni ilikata fedha kwenye akaunti yake Lorna, na boila ya gesi inayopasha nyumba joto ikiharibika, fundi angekuja bila kudai senti nyingine.

"Wewe unainua simu tu, Baba," alimwambia. "Hakuna ngazi wala spana."

"Na nikipanda ngazi?"

"Nitakuja niichome moto."

Ellis alicheka. Aliyekasirika ni Duncan, kaka yake Lorna, anayeuza vigae na mabeseni ya bafuni kule Swindon na anayejua bei ya kila kitu.

"Umeibiwa mchana kweupe, dada," alimwambia kwa simu. "Ile boila ni ya zamani kuliko ndoa yangu. Hela hizo weka pembeni, baada ya muda unamnunulia mpya."

"Na kabla ya huo muda? Ikifa usiku wa baridi, utatoka Swindon wewe?"

"Si kuna mafundi wa mtaani?"

"Wa kumbebesha mzee bei wanayotaka. Asante."

Mabishano hayo yalizoeleka kama saladi ya kabichi ambayo hakuna anayeila lakini huwekwa mezani kila Krismasi. Bei ya bima ilipanda, Duncan akapata silaha mpya. Fundi akaja kubadilisha pampu, Lorna naye akapata ya kwake. Ellis alikata nyama, akagawa viazi, hakusema upande wake. Hakuna aliyemwuliza.

Ndipo ikaja Januari ya theluji. Ilianguka siku kadhaa mfululizo, ikaganda, ikaangukiwa na nyingine, barabara za kupanda milimani zikawa vioo vitupu. Lorna alimpigia baba yake kila jioni. Kila jioni alijibiwa kwamba kila kitu ni shwari.

"Nyumba ina joto?"

"Ina joto, kipenzi. Niko hapa sebuleni kama mfalme."

"Mbona sauti yako imechoka?"

"Kichwa kinauma kidogo. Mafua tu."

Lorna alimwambia anywe maji ya moto na alale mapema.

Jumatano, saa za chakula cha mchana, Lorna alikuwa akimimina sosi ya maziwa juu ya keki za watoto wakati simu ilipotikisika mfukoni mwa aproni. Alikuwa Bi Zubeda Anwar, jirani wa Ellis ukuta kwa ukuta. Bi Zubeda aliendesha mabasi miaka mingi, yale yale aliyoyatengeneza Ellis, na kutaniana kwao kuhusu gia mbovu kulikuwa hakujaisha hata baada ya wote wawili kustaafu.

"Binti, nisamehe," alisema Bi Zubeda. "Baba yako alinilisha kiapo nisikwambie, lakini nimeshindwa. Boila yake imekufa tangu mwisho wa wiki."

Lorna aliweka jagi chini. "Imekufa vipi? Jana ameniambia ana joto!"

"Anawasha ule moto wa gesi wa sebuleni. Ile hita ya zamani, iliyojengwa chini ya dohani. Amejifungia humo na blanketi."

"Na kampuni je? Si alipiga?"

"Alipiga. Wamesema watakuja, wakaahirisha. Theluji. Wakaahirisha tena."

Lorna alimwomba mwenzake ashike zamu, akaingia stoo, akawapigia kampuni. Muziki. Sauti ya mashine ikamwambia kwamba simu yake ina thamani kubwa kwao, kisha muziki tena. Alisimama katikati ya magunia ya viazi, mkono mmoja ukibana simu na mwingine ukikunjua na kukunja kona ya aproni. Alipopokewa mwishowe, msichana aliyepokea alikuwa mpole, na upole wake ulimuudhi zaidi.

"Naona hapa mzee wetu aliripoti, mama. Yuko kwenye foleni."

"Ana zaidi ya miaka themanini! Foleni gani?"

"Tunaanza na wazee wasio na joto kabisa. Yeye tulimwuliza kama ana njia nyingine ya kupasha nyumba, akasema anayo. Akasema, samahani, nasoma alivyosema: hana shida, waende kwanza kwa wenye shida."

Lorna alifumba macho. Alimsikia baba yake akisema maneno hayo, kidevu juu, kana kwamba anampisha mwanamke kwenye basi.

"Basi mimi nakwambia ana shida. Mbadilishe sasa hivi."

"Nitamsogeza mbele, mama. Ila kuna jambo jingine. Kipuri cha boila yake hakitengenezwi tena. Fundi akija, huenda..."

Lorna alikata simu kabla hajamaliza, akampigia baba yake.

Simu iliita na kuita. Ilipopokelewa, hakusikia neno, alisikia pumzi tu.

"Baba?"

"Audrey," alisema Ellis. Ulimi ulikuwa mzito kama wa mlevi. "Umechelewa. Basi limekuacha?"

"Baba, ni Lorna. Uko wapi? Umekaa?"

"Miguu... miguu hii haitaki. Nimetapika kidogo, usikasirike. Nitapiga deki."

"Baba, nisikilize. Inua mikono yako yote miwili. Unaweza?"

Alidhani ni kiharusi. Alisikia kitu kikianguka, halafu sauti ya moto wa gesi ikinguruma taratibu, karibu sana na simu, kama paka. Baba yake hakujibu tena. Lorna aliita mpaka sauti ikamkauka, na mwalimu mkuu akaja kusimama mlangoni kuona kuna nini.

"Nipe simu yako," Lorna alimwambia bila salamu. Kwa simu ya mwalimu mkuu aliita gari la wagonjwa, akataja mtaa na namba ya nyumba. Waliahidi kuja, ila wakamwonya kwamba ule mlima una barafu na magari yanapanda kwa kutambaa. Kwa simu yake mwenyewe akamrudia Bi Zubeda.

"Nenda kwake, Bi Zubeda, nakuomba. Nadhani amepata kiharusi."

"Navaa viatu," alisema Bi Zubeda, na Lorna akasikia akihema na kuvuta buti. "Na hiki kichwa changu, sijui na mimi nimeambukizwa nini. Jana nilikaa naye pale sebuleni kumpelekea supu ya dengu, nikatoka kichwa kinapasuka. Nilipofika kwangu nikapata nafuu, nikashukuru Mungu."

Kitu kilikuwa kikizunguka kichwani mwa Lorna, kikitafuta mahali pa kutua. Baba kichwa kinamuuma. Zubeda kichwa kilimuuma. Chumba kilekile, moto uleule. Zubeda katoka, kapona.

"Bi Zubeda!" alipiga kelele hata mwalimu mkuu akaruka. "Si kiharusi! Ni ule moto! Unatoa sumu! Usiingie ukakaa, unasikia? Fungua milango, zima gesi, mtoe nje!"

"Yaa Rabi."

Kilichofuata Lorna hakukiona, alikisikia tu, na miaka mingi baadaye alikuwa bado anakisikia akiwa peke yake jikoni. Alisikia theluji ikivunjika chini ya buti. Alisikia mlango wa mbele ukigongwa, kisha ukipigwa teke, Bi Zubeda akilalamika kwamba umefungwa kwa komeo la ndani. Alisikia buti zikizunguka nyumba kwa uani, zikiteleza, mwanamke wa umri ule akianguka na kuinuka huku akitukana kwa Kipunjabi. Kukawa kimya.

"Uko wapi? Bi Zubeda!"

"Natafuta sepetu!"

Kioo kilivunjika. Kilivunjika mara ya pili. Halafu kitasa, halafu mlango wa jikoni ukigonga ukuta.

"Ellis! We Ellis!" Sauti ilienda mbali. Bi Zubeda alikuwa ameiweka simu mahali, au ameiangusha. Lorna aliziba sikio la pili kwa kidole. Milango ilifunguliwa, mmoja, mwingine. Kikohozi. Kikohozi kirefu kibaya. Ule mngurumo wa moto ukakatika. Kitu kizito kikaanza kuburuzwa sakafuni, kikasimama, kikaburuzwa tena.

"Amka, mwanamume mzito wewe," Bi Zubeda alikuwa akisema, akilia na kugombeza kwa pamoja. "Mbona mabasi yangu uliyanyanyua? Jinyanyue na wewe!"

Lorna alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya stoo bila kujua alipiga magoti saa ngapi. Mwalimu mkuu alikuwa amemshika bega. Nje, watoto walikuwa wakigonga vijiko, wakidai keki.

Muda ulipita ambao hakuna aliyeweza kuupima. Kisha simu ikaokotwa.

"Yuko nje," alisema Bi Zubeda, pumzi zikimkatika. "Nimemlaza kwenye theluji, nimemfunika koti langu."

"Anapumua?"

"Anapumua. Uso mwekundu kama nyanya. Hafungui macho, lakini anapumua. Nasikia king'ora huko chini. Sijui kama ni chetu."

Kilikuwa chao. Wahudumu walilazimika kuliacha gari chini ya mtaa na kupanda kwa miguu na mtungi wa oksijeni begani. Walipima hewa mle sebuleni, wakatoka upesi kuliko walivyoingia.

Safari ya Lorna kwenda Keighley siku ile ilikuwa safari ya kufa na kupona. Malori yalikuwa yamelala kando ya barabara kuu. Aliendesha nyuma ya gari la kumwaga chumvi, taa zake za njano zikiwakawaka mbele yake, na kila alipokanyaga breki gari liliyumba kidogo kabla ya kutii. Hakuwasha redio. Alikuwa akijisemea kwa sauti, akimgombeza baba yake, kisha kampuni, kisha yule fundi aliyekuja kila mwaka kukagua boila. Huyo fundi aliipita sebule kila mwaka! Kila mwaka aliuruka mguu wa kiti cha baba yake, akasema habari za asubuhi, akaenda jikoni. Mara ya mwisho Lorna mwenyewe alikuwepo, ndiye aliyemfungulia mlango. Je, alimwuliza lolote kuhusu moto wa sebuleni? Hakumwuliza. Na alipoinunua bima ile, alisoma nini? Alisoma bei, na ile picha ya bibi kizee anayetabasamu na kikombe cha chai.

Alimkuta baba yake kitandani hospitalini, barakoa ya oksijeni usoni, macho yamefumbwa. Bi Zubeda alikuwa kwenye kiti, naye ana barakoa yake, viganja vimefungwa bandeji kwa ajili ya vioo. Lorna aliinama akambusu Bi Zubeda kwenye paji la uso, machozi yakimdondoka.

"Usinililie mimi," alisema Bi Zubeda chini ya barakoa. "Daktari amesema angechelewa kutolewa kidogo tu tungekuwa na maneno mengine."

Duncan alifika giza limeshaingia, kola imepinda, hajala. Alimtazama baba yake, akatoka hadi kwenye korido, Lorna akamfuata. Hofu iliyokuwa imewajaa wote wawili ilitafuta pa kutokea.

"Haya," alisema Duncan kwa sauti ya chini. "Bima yako iko wapi?"

"Usianze."

"Miaka yote hii umewalisha wale watu. Zile hela zingekuwa boila mpya, jikoni kwake, inafanya kazi sasa hivi. Asingegusa ule moto."

"Na wewe ulikuwa na hela. Ulimnunulia? Ulikuwa unangoja nini, Duncan? Nikiri kwanza kwamba nimekosea?"

Duncan aliinyoosha kola yake iliyopinda.

"Naikata," Lorna alisema. "Kesho asubuhi naikata, na nitawaambia neno wale watu hawatalisahau."

"Hukati kitu."

Waligeuka. Mlango ulikuwa wazi. Ellis alikuwa amesogeza barakoa kando kwa kidole kinachotetemeka, naye muuguzi akijaribu kuirudisha.

Waliingia kama watoto waliokamatwa. Lorna alimshika mkono. Ulikuwa na joto, na hilo peke yake lilimtoa machozi.

"Baba, kwa nini hukuniambia? Kila jioni nimekuuliza. Kila jioni!"

Ellis alivuta oksijeni kwanza. Aliongea kwa vipande, akipumzika katikati.

"Pasaka ulikuwa ukumbini kwangu na simu. Ulidhani nimelala. Ulikuwa ukiuliza bei ya chumba kwenye nyumba ya wazee."

Duncan alimgeukia dada yake; hilo hata yeye hakulijua.

"Nilikuwa naulizia tu," alisema Lorna. "Nilikuwa naogopa, Baba."

"Najua. Na mimi nikaogopa. Nikasema, siku nitakayomwambia nyumba imenishinda, ndiyo siku atakayofunga masanduku yangu. Basi nikakaa na moto wangu."

"Na kampuni ukawadanganya."

"Sikuwadanganya. Waliniuliza una joto? Nilikuwa nalo." Alijaribu kutabasamu. "Lilikuwa joto baya tu."

"Basi si ndiyo nasema tuikate?" alisema Lorna. "Haikukusaidia!"

Ellis alitikisa kichwa juu ya mto. "Mmekuwa mkibishana juu ya kichwa changu miaka mingi. Huyu anasema inalipa, huyu anasema hailipi. Mnahesabu boila. Hakuna aliyeniuliza mimi nanunua nini pale."

"Unanunua nini?" aliuliza Duncan.

"Mtu wa kumwita ambaye si nyinyi."

Alivuta oksijeni tena.

"Nikiwapigia wale, yule kijana wao analipwa ili aje," Ellis aliendelea. "Anakuja, anakunywa chai, anatengeneza, anaondoka. Simdai, hanidai. Nikikupigia wewe, Lorna, unakuja na ule uso."

"Uso gani?"

"Wa matangani."

Bi Zubeda alikohoa kwenye kiti chake, na Lorna hakujua kama ni kikohozi au kicheko. Hakukasirika. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akawaza jinsi alivyokuwa akiingia nyumba ile mara zote, macho yakipita kwenye zulia lililokunjuka, ngazi, dawa, kabla hayajafika kwa baba yake mwenyewe.

"Siwezi kukuahidi sitaogopa tena," alisema mwishowe. "Ila sitauliza bei ya chumba chochote wewe ukiwa haupo. Hilo naahidi."

"Inatosha," alisema Ellis, akarudisha barakoa mwenyewe.

Alitoka hospitalini kabla ya wiki kwisha, akiwa na daftari la miadi ya daktari na kusahausahau kidogo ambako kulimwachia taratibu. Mtu wa dohani alipanda juu ya paa theluji ilipoyeyuka, akachomoa kiota cha kunguru kikubwa kama kapu la nguo, vijiti na sufu na karatasi za peremende, kimeziba bomba lote. Moshi wa gesi haukuwa na pa kutokea ila kurudi chumbani. Kengele ya kuonya sumu hewani ilikuwepo nyumbani, tena nzima, lakini ilikuwa jikoni karibu na boila, nayo milango ya kati Ellis aliifunga ili joto lisipotee. Ule moto wa sebuleni waliung'oa. Duncan ndiye aliyeung'oa, kwa mikono yake, akijikata vidole na kukataa msaada.

Duncan huyohuyo alileta boila mpya na kugawana gharama na dada yake bila kutaja neno bima. Boila ilikuja na dhamana ya miaka kadhaa, ilimradi ikaguliwe kila mwaka. Kwa hiyo ile sehemu ya boila kwenye bima haikuwa na kazi tena, na Lorna alidhani mambo yameishia hapo. Kumbe baba yake bado alikuwa na lake.

Alimkalisha Lorna mezani, akaweka simu katikati ikiwa kwenye spika, akazipigia kampuni mbalimbali mwenyewe. Lorna alisikiliza. Alimsikia mzee aliyeuza jasho lake chini ya mabasi akiwahoji vijana wa watu kama wakili mahakamani.

"Bomba la maji likipasuka darini, mnakuja? Sawa. Na dari iliyoloa, mnatengeneza? Hamtengenezi. Sawa. Na choo kikiziba? Na choo hicho hicho kikiziba tena baada ya wiki? Mnakuja lini, siku ileile au mpaka mjisikie? Mna orodha ya wazee? Niandikeni. Ndiyo, mimi ni mzee, andika hivyo hivyo, usione haya. Sasa niambie msichoshughulika nacho. Polepole, nina muda."

Lorna alitazama vidole vyake. Katika miaka yote ile hakuwahi kuuliza swali hata moja kati ya hayo.

Ellis alichagua bima ndogo, ya mabomba ya maji na nyaya za umeme tu, nafuu kuliko ile ya kwanza. Akamkataza Lorna asiilipe. Ikakatwa kwenye pensheni yake.

"Bado nasema ungeziweka hizo hela kwenye kopo," alisema Duncan kwa simu, lakini kwa sauti isiyo na meno.

"Kopo halipokei simu," alisema Ellis.

Bi Zubeda, aliyekuwa amekuja kunywa chai, viganja vimepona ila makovu, alisema yeye kampuni yake ni mtoto wa dada yake wa Bradford, fundi bomba, hamlipi ila kwa biriani. Ellis alimwambia hiyo ni bima ghali kuliko zote, kwani atapikia ukoo mzima mpaka kiama. Wakabishana hadi chai ikapoa, na Lorna, aliyekuwa akisuuza vikombe, hakujiingiza.

Mwezi Mei alimpigia baba yake Jumamosi asubuhi, akiwa amesimama kwenye kibaraza chake huko Hull. Simu ilipokelewa kwa haraka, na nyuma yake kulikuwa na kelele za chuma kugonga chuma.

"Siwezi kuongea sasa hivi, kipenzi. Nina fundi."

Fundi wa nini? Kimeharibika nini, lini, na kwa nini hakuambiwa? Maswali yalimfika Lorna hadi kwenye meno. Aliyameza.

"Sawa, Baba," alisema.

Ellis hakukata simu. Labda aliiweka mezani akidhani ameikata. Lorna alisikia sauti ya kijana, iliyobanwa kama mtu aliyeingiza kichwa chini ya sinki.

"Mzee, hii nati alifunga nani?"

"Mimi," alisema Ellis, na kulikuwa na fahari kwenye sauti yake. "Zamani hiyo. Binti yangu alikuwa bado anatambaa."

"Basi ndiyo maana haifunguki!"

Kicheko cha wanaume wawili kililipuka kule jikoni. Lorna alikaa kwenye ngazi ya kibaraza na kuendelea kusikiliza, simu sikioni, huku wakiitafuta spana kubwa zaidi.